Bison, ANTLR, Lemon na Lark: Zana Ipi ya Kuzalisha Vichanganuzi Itakufaa?

Makala haya ni kwa ajili ya mwandishi wa programu ambaye programu yake inatakiwa kusoma lugha fulani ndogo, iwe ni amri zinazotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu, fomula za hesabu, au faili la mipangilio lenye kanuni zake lenyewe, na ambaye amechoka kukatakata maneno kwa mkono na kurundika masharti juu ya masharti. Sehemu ya programu inayopokea maandishi, kuyapima kwa sarufi na kuyapanga katika mti wa maana huitwa kichanganuzi. Zana ya kuzalisha vichanganuzi inakuruhusu uandike sarufi peke yake, kisha yenyewe ikutengenezee msimbo wa kuisoma.

Nimechagua zana nne ambazo zote zinapatikana bure na zinaruhusiwa kusambazwa: Bison, ANTLR, Lemon na Lark. Nimezitumia zote hapa Dodoma kwa kazi ndogo na za kati, nami sitaitangaza mojawapo kuwa bora kuliko nyingine, kwa sababu kazi zenyewe hazifanani.

Mfano tutakaotembea nao

Mkoa wetu huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na msimu mmoja nilitengenezea kikundi cha wakulima wa upande wa Hombolo programu ya kupokea taarifa za mizani kwa ujumbe mfupi. Karani anapomaliza kupima kreti za siku huandika jumla kwa maneno au kwa tarakimu, na programu huiingiza katika daftari la kompyuta. Siku moja ilifika taarifa ya kilo "elfu kumi na tano". Programu iliandika 15,000. Daftari la karatasi lililokuwa kando ya mizani lilisema 10,005. Nilipompigia karani simu, alinijibu kwa upole: "Kaka, elfu kumi na tano ni elfu kumi, halafu tano. Ningetaka kumi na tano nzima ningesema kumi na tano elfu."

Alikuwa sahihi, na bado wako watu wengi, hasa wanaotaja fedha, ambao wakisema "elfu kumi na tano" wanakusudia 15,000 na kila msikilizaji anawaelewa. Katika shilingi utata huo haudhuru sana, kwa kuwa hakuna anayelipa shilingi 10,005 dukani. Katika kilo unadhuru, maana tofauti ni kilo 4,995 za zabibu za watu. Ukiiandika sarufi hiyo kwa ufupi inakuwa hivi, ambapo TARAKIMU ni neno lolote kuanzia "moja" hadi "tisa" na alama | ina maana ya "au":

kiasi : ELFU namba | ELFU namba NA namba
namba : TARAKIMU | KUMI | KUMI NA TARAKIMU

Kichanganuzi kikishasoma ELFU na KUMI, kisha kikaona NA mbele yake, kina njia mbili halali. Kinaweza kusogeza, yaani kuichukua NA na kuendelea kuijenga "kumi na tano". Kinaweza pia kufunga, yaani kuihesabu KUMI kuwa namba iliyokamilika na kuiacha NA iunganishe maelfu na mabaki. Sarufi ya mistari miwili tu tayari ina maana mbili, na imetoka moja kwa moja katika Kiswahili tunachozungumza kila siku. Nitauliza zana zote nne swali hilihili.

Vigezo

Kigezo cha kwanza, ambacho kwangu kina uzito kuliko vyote, ni utata: je, zana inakuambia kwamba sarufi yako ina maana mbili, inakuambia lini, na kwa lugha ya kueleweka kiasi gani? Cha pili ni mazingira na kasi: inazalisha msimbo wa lugha gani ya programu, inahitaji nini ili ifanye kazi, na inasoma haraka kiasi gani. Cha tatu ni makosa, yaani namna mtumiaji atakavyoelezwa pale alipokosea, na kama unaweza kumweleza kwa Kiswahili. Cha nne ni leseni, kwa sababu anayeuzia halmashauri au chama cha ushirika mfumo anapaswa kujua anachokabidhi. Mwisho wa kila zana nitataja anayefaidika nayo zaidi.

Bison

Bison ni mrithi wa Yacc, zana iliyoandikwa na Stephen C. Johnson katika maabara za Bell miaka ya 1970. Toleo la awali la Bison liliandikwa na Robert Corbett, kisha Richard Stallman akalifanya lilingane na Yacc ili sarufi za zamani ziendelee kutumika. Kichanganuzi cha mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL kinazalishwa na Bison hadi leo, na cha lugha ya programu ya PHP vilevile.

Utata. Hapa ndipo Bison inapostahili heshima. Kwa kawaida inatumia mbinu ya LALR(1), ambayo hufanya uamuzi kwa kutazama tokeni moja tu mbele (tokeni ni kipande kimoja cha maandishi, kama neno au namba), na mbinu hiyo inailazimu iikague sarufi nzima kabla ya kuzalisha chochote. Ukiipa sarufi yetu, inakuonya papo hapo kwamba kuna mgongano mmoja kati ya kusogeza na kufunga. Tangu toleo la 3.7, lililotoka mwaka 2020, ukiongeza chaguo la -Wcounterexamples inakuchorea mfano wenyewe: ELFU KUMI, kisha nukta, kisha NA TARAKIMU, na chini yake miti miwili, mmoja wa kusogeza na mwingine wa kufunga. Ni ushahidi unaoweza kumwonyesha hata mtu asiyeandika programu. Kabla ya toleo hilo ulipaswa kusoma faili refu la hali za kichanganuzi na kulifasiri mwenyewe, kazi iliyowakatisha tamaa wanafunzi wengi.

Lakini onyo si katazo. Bison ikikosa maelekezo huchagua kusogeza na kuendelea kuzalisha msimbo, na kwa sarufi yetu kusogeza maana yake ni 15,000. Programu ya Hombolo ilizalishwa na Bison. Onyo lile niliona kwa macho yangu, nikalipita kwa sababu majaribio yangu yote yalifaulu, na majaribio hayo nilikuwa nimeyaandika mimi mwenyewe ninayesema "elfu kumi na tano" nikikusudia 15,000. Tangu siku hiyo ninaiendesha Bison kwa chaguo la -Werror, ili mgongano wowote usimamishe kazi. Kwa sarufi ambazo kweli haziwezi kuepuka utata, Bison ina mbinu ya GLR inayofuata njia zote mbili kwa pamoja, nawe unaandika kanuni ya kuamua mwishoni.

Mazingira na kasi. Inazalisha msimbo wa C, C++, Java na D. Katika Ubuntu au Debian unaipata kwa amri moja, na ni ndogo. Anayetumia Mac aangalie jambo moja: toleo linalokuja na kompyuta hizo ni 2.3, la mwaka 2006, ambalo halina mifano ya migongano niliyoieleza, kwa hiyo ni lazima aweke toleo jipya kando. Bison haigawi maandishi kuwa tokeni. Kazi hiyo utaiandika mwenyewe au utaiachia Flex, zana ya kugawa maandishi kuwa tokeni. Kasi yake haina wasiwasi, kwani muda wa kusoma hukua sambamba na urefu wa maandishi.

Makosa. Usipoigusa, itamwambia mtumiaji kwamba kuna kosa la sintaksia, basi. Ukiiagiza itoe maelezo kamili, itataja tokeni iliyokutwa na zilizotarajiwa, na tangu toleo la 3.6 unaweza kuandika mwenyewe utaratibu wa kutoa ujumbe huo, ukaandika "Nilitarajia namba baada ya neno elfu" kwa Kiswahili kilichonyooka.

Leseni. Bison yenyewe iko chini ya GPL, leseni inayotaka programu zinazotokana na msimbo wake nazo zisambazwe kwa masharti yaleyale, na hapo wengi huogopa bila sababu. Kiunzi cha msimbo kinachoingia katika kichanganuzi chako kina idhini maalumu inayokuruhusu kusambaza programu yako kwa masharti yako mwenyewe, mradi tu programu hiyo isiwe yenyewe zana ya kuzalisha vichanganuzi inayotumia kiunzi hicho.

Inamfaa anayeandika kwa C au C++, anayetaka sarufi ikaguliwe kwa ukali kabla ya kuanza kazi, na aliye tayari kujifunza maana ya migongano badala ya kuinyamazisha.

ANTLR

ANTLR ilianzishwa na Terence Parr mwishoni mwa miaka ya 1980, na toleo la nne, linalotumika sasa, lilitoka mwaka 2013. Iko ndani ya Hibernate, maktaba ya Java ya kuzungumza na hifadhidata, na ndani ya sehemu ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) ya Apache Spark, mfumo wa kuchakata data nyingi, kwa hiyo wengi wameitumia bila kujua.

Utata. Mbinu yake huitwa ALL(*). Badala ya kukagua sarufi yote mapema, inafanya uchambuzi wakati programu inapoendeshwa, ikitazama mbele tokeni nyingi kadiri inavyohitaji. Faida yake ni kubwa: karibu sarufi yoyote utakayoiandika kwa namna ya kawaida inakubaliwa, hata yenye kanuni inayojirejelea upande wa kushoto moja kwa moja, yaani inayoanza kwa jina lake yenyewe, ingawa kujirejelea kwa kupitia kanuni nyingine haikubali. Hasara yake ni kwamba sarufi yetu inapita bila onyo lolote. ANTLR inapokuta njia mbili halali huchagua iliyoandikwa kwanza. Ukianza na ELFU namba, na ujumbe ukatakiwa kuisha hapo, unapata 15,000. Ukigeuza mpangilio, ukaanza na ELFU namba NA namba, unapata 10,005. Kuhamisha mstari mmoja kunahamisha karibu tani tano za zabibu, na hakuna kinacholia.

Iko njia ya kujilinda. Unaweza kuunganisha msikilizaji wa uchunguzi, yaani kipande cha msimbo kinachopokea taarifa za kichanganuzi, anayeitwa DiagnosticErrorListener na kuiagiza itafute utata kwa ukamilifu, naye atakutajia kila utata anaokutana nao. Sharti ni kwamba anaona tu utata uliomo katika maandishi uliyompa. Kama hakuna jaribio lenye "elfu kumi na tano", hatasema kitu.

Mazingira na kasi. Hapa ANTLR ina upana kuliko wenzake: sarufi moja inaweza kuzalisha kichanganuzi cha Java, Python, C#, JavaScript, TypeScript, Go, C++, Swift, PHP au Dart. Tokeni pia zinaelezwa katika faili hilohilo. Faili la zana lina takriban MB 2, lakini linahitaji Java, ambayo kwa anayenunua bando la siku ni mzigo mkubwa zaidi. Programu yako pia italazimika kubeba maktaba ya ANTLR ya lugha uliyochagua, na toleo la maktaba liendane na toleo la zana. Waliovuka kuja 4.10 bila kuzalisha msimbo upya walikwama, kwa kuwa muundo wa ndani ulibadilika. Kinadharia muda wake unaweza kukua vibaya sana, lakini kwa sarufi za kawaida husoma kwa kasi nzuri.

Makosa. Inajitahidi kuendelea baada ya kosa, hivyo mtumiaji huonyeshwa makosa kadhaa kwa mara moja. Ujumbe wake wa kawaida ni wa Kiingereza, ila unaweza kuweka msikilizaji wako wa makosa na kuuandika upya wote.

Leseni. Ni BSD yenye vifungu vitatu. Unasambaza upendavyo, ukibakiza tangazo la hakimiliki.

Inaifaa timu yenye watu wa lugha tofauti za programu, na yeyote anayetaka kusoma lugha iliyokwisha kuandikiwa sarufi, maana hazina ya sarufi zilizokusanywa na jumuiya yake ni kubwa. Inamfaa pia mwanafunzi anayetaka kuona mti wa sintaksia siku ya kwanza.

Lemon

Lemon ni ya D. Richard Hipp, mwanzilishi wa SQLite, mfumo mdogo wa hifadhidata, na ndiyo inayozalisha kichanganuzi cha SQL ndani ya SQLite. Kila simu ya Android inabeba kazi yake.

Utata. Ni LALR(1) kama Bison, na inakuta mgongano uleule mmoja. Tofauti iko katika namna ya kuupokea: Lemon huhesabu mgongano kuwa ni kushindwa, hivyo amri hurudisha alama ya kosa na utaratibu wako wa kujenga programu husimama. Laiti ningeitumia Hombolo, programu ile haingefika shambani ikiwa na sarufi yenye maana mbili. Kwa upande mwingine, Lemon haichori mifano kama Bison mpya. Inakupa faili la ripoti lenye hali zote, nawe utafute.

Mazingira na kasi. Zana nzima ni faili moja la C pamoja na faili moja la kiolezo, unaikompaili kwa amri moja na haihitaji kitu kingine. Inazalisha C tu, na tokeni unazigawa mwenyewe. Mpangilio wake umegeuzwa: msimbo wako ndio unaokiita kichanganuzi kwa kila tokeni, jambo linalofaa sana pale ujumbe unapofika vipande vipande. Bison nayo ina namna hiyo, lakini ni lazima uiombe. Tena Lemon inakuruhusu kuzipa thamani majina, ukaandika kiasi(A) ::= ELFU namba(B), na kanuni inasomeka hata baada ya miezi sita.

Makosa. Unaandika mwenyewe la kusema kosa linapotokea, na msaada unaopewa ni mdogo.

Leseni. Imetolewa kuwa mali ya umma. Hakuna sharti.

Inamfaa anayeandika kwa C kwa ajili ya vifaa vidogo, na anayetaka kuiweka zana yenyewe ndani ya mradi ili yeyote atakayeurithi aweze kuujenga bila intaneti.

Lark

Lark ni maktaba ya Python. Huandiki faili ukasubiri msimbo. Unaipa sarufi kama maandishi ndani ya programu, nayo inakurudishia kichanganuzi.

Utata. Kwa kawaida Lark hutumia mbinu ya Earley, iliyotoka katika kazi ya Jay Earley ya mwaka 1968, ambayo inakubali sarufi yoyote huru ya muktadha, yaani ya namna hii tunayoiandika hapa ambapo kila kanuni inatumika bila kujali kilicho kando yake, yenye utata au isiyo nao. Usipoiambia kitu, itachagua tafsiri moja yenyewe. Ukiweka ambiguity='explicit', inakurudishia tafsiri zote chini ya nodi (kifundo cha mti) inayoitwa _ambig. Kwa ujumbe wetu unapata matawi mawili, moja la 15,000 na moja la 10,005, na programu yako inaweza kumuuliza karani kabla ya kuandika chochote. Kati ya zana hizi, hii ndiyo inayochukulia maana mbili kuwa jambo la kawaida la lugha, na kwa maneno yanayotoka midomoni mwa watu naona ina haki. Hata hivyo haikagui sarufi mapema. Utata unauona ujumbe ukishafika. Ukiihamishia kwenye LALR ili kupata kasi, uangalifu huo unapotea, kwani huchagua kusogeza kimya kimya isipokuwa umeiwekea hali ya ukali.

Mazingira na kasi. Ni Python tupu isiyotegemea maktaba nyingine, ya takriban KB 100, hivyo inashuka hata kwa mtandao dhaifu. Earley ni nzito kwa mafaili makubwa. Kwa ujumbe wa herufi 160 uzito huo hauhisiki.

Makosa. Inataja mstari na safu, na katika LALR ina njia nzuri ya kulinganisha kosa na mifano ya makosa uliyoiandaa, ukachagua ujumbe wa Kiswahili unaoendana nalo.

Leseni. MIT, ubakize tangazo la hakimiliki.

Inamfaa anayeandika Python, anayejaribu sarufi inayobadilika kila wiki, na anayeshughulika na lugha ya binadamu.

Kwa hali yako

Kama unasoma somo la kompaila katika Chuo Kikuu cha Dodoma au kwingineko na unataka kuelewa kilichomo ndani, anza na Bison, kisha uandike sarufi ileile katika ANTLR. Tofauti ya tabia zao itakufundisha zaidi ya mihadhara kadhaa. Kama mradi unaisha baada ya wiki mbili na timu inaandika Python, chukua Lark. Kama una huduma ya Java au C# na lugha unayoisoma inajulikana, kama SQL, tazama kwanza kama sarufi yake ya ANTLR ipo tayari. Kwa kifaa cha kumbukumbu ndogo kinachoachwa kijijini, Lemon. Na kama lugha yako ina kanuni tano tu zisizopanuka, andika kichanganuzi kwa mkono. Hata kompaila ya GCC iliiacha Bison kwa C++ mwaka 2004 na kwa C mwaka 2006 ikaandika vyake kwa mkono.

Kama utasoma idadi zilizotamkwa na watu, ninashauri jambo moja la ziada, zana yoyote utakayoichagua. Nakili sarufi yako katika faili la Bison bila vitendo vyovyote, uiendeshe kwa -Wcounterexamples, na kila mfano itakaouchora uupeleke kwa wanaotumia mizani au kaunta, uwaulize wanakusudia nini. Hombolo walinijibu kwamba wanaokusudia 15,000 wataandika "kumi na tano elfu", na wanaokusudia 10,005 wataandika "elfu kumi na kilo tano". Programu sasa inazikubali namna hizo mbili, na ikipokea "elfu kumi na tano" inamrudishia karani ujumbe wa kumwomba aandike kwa tarakimu.